Neno Kabla ya Jina la Gachanja

Mimi neno likinipotea sikai. Natoka kama mtu aliyepotelewa na kuku, naingia kila ua nikiuliza. Ndiyo maana wiki ile ya kufungua buchari ya Wariara, watu wa Gilgil walikuwa wakiniona kwa mbali wanakumbuka wameacha sufuria motoni. Nilimwuliza mwenye duka la mbolea, nikamwuliza katekista, nikamwuliza hata askari wa trafiki aliyekuwa akinywa chai yake kwa amani: kitu kikitoka kwa kingine kikubwa, kikaenda kusimama mahali pake, lakini bado ni cha kule kilikotoka, kinaitwaje? Askari akaniambia kinaitwa daivasheni, ile njia ya kando barabara ikifungwa. Nikamwacha na chai yake.

Halikuwa jambo la mchezo. Wariara alihitaji neno moja la kuandika kwenye bango lake, na neno hilo lilipaswa kumridhisha mzee mmoja ambaye hakuwa akisema naye.

Mzee mwenyewe ni baba yake, Gachanja, mwenye buchari Kikopey, kwenye barabara kuu. Pale barabarani kila mchoma nyama amejiandika kuwa yeye ndiye wa kwanza, na jirani yake naye ni wa kwanza zaidi. Gachanja hajawahi kuandika kitu. Watu wanashuka kwenye magari wanauliza, "Kwa Gachanja ni wapi?" na wanaonyeshwa moshi. Mimi nilifanya kazi hapo miaka mingi, nikisonga ugali na kukata kachumbari, naye Wariara akiwa kwenye moto na baba yake. Mama yake alifariki kabla hajaanza shule. Alilelewa nyuma ya kaunta, amekaa juu ya kreti la soda, na kila mbuzi aliyechinjwa, figo zilikuwa zake. Gachanja hauzi figo. Uje na gari la namna gani, uitwe mheshimiwa mara ngapi, utaambiwa hakuna. Anazichoma mwenyewe pembeni, anampa binti yake aonje, kisha anamwuliza, "Chumvi?" Akishajibiwa ndipo anatia chumvi mbavu za wateja.

Ugomvi uliletwa na vigingi. Wapimaji wa barabara walikuja wakavipanda karibu na mlango wetu, wakaondoka bila kusema kitu. Wariara akaanza kumwambia baba yake kwamba watafute mahali Gilgil mjini mapema, kabla barabara haijawasukuma. Alisema asubuhi, akasema jioni, mpaka siku moja mzee akaweka kisu chini.

"Unanigawa nikiwa hai?" akamwuliza. "Unataka kwenda, enda. Lakini jina yangu ibaki hapa."

Akaenda. Mimi nikamfuata baadaye, maana nilijua hawezi kusonga ugali ukashikana. Tangu siku hiyo akipiga simu, mzee anaiacha ilie mpaka ichoke. Hasira hasara, wanasema, lakini hasara yenyewe ilikuwa inamla mtoto zaidi. Nilimwona akikodi chumba cha mabati Gilgil, akijenga jiko la kuchomea, akinunua visu, na kila kitu anachokipata anakishika kama mtu anayetafuta wa kumwonyesha.

Bango lilichorwa na Makhanu, fundi wa herufi ambaye hana mpinzani hapa mjini, isipokuwa mdomo wake, ambao unashindana na brashi. Aliandika WARIARA BUTCHERY kwa rangi nyekundu, kubwa, nzuri. Chini yake akaacha ukanda mweupe. Hapo ndipo palipotakiwa lile neno, kisha YA GACHANJA, KIKOPEY.

"Niandike nini?" akauliza. "Branchi?"

"Ukiandika jina yake bila yeye kukubali, sitamwona tena," Wariara akasema. "Namjua. Hatakuja hapa, na mimi sitaweza kwenda huko. Na nikiacha jina, itakuwa kama nimemkana. Wacha hivyo kwanza."

Hapo ndipo nilipojitwika kazi ya kutafuta neno. Hakuna aliyenituma. Baba yangu alikuwa mtu wa reli hapa Gilgil, kazi yake kugeuza njia pale reli ya Nyahururu inapoachana na ile kubwa, na mimi nilikua nikimwuliza kwa nini ile ndogo haina jina lake yenyewe. Alikuwa akiiita mkono. Sisi Wajaluo tawi la mti tunaliita mkono wa mti. Wakikuyu wana ruhonge. Waswahili nao wamejaza ghala: tawi, tagaa, chipukizi, kijito, mche. Nilifikiri katika mali yote hiyo hatutakosa neno moja la kumtoshea Gachanja.

Nikavaa sweta nikaenda Kikopey.

Alikuwa pale pale nilipomwacha, kofia ya sufi kichwani na jua linawaka, akigeuza mbavu kwa ncha ya kisu.

"Akeyo," akasema bila kuinua macho. "Umekuja kurudi ama umekuja kula?"

"Nimekuja kuuliza, mzee."

"Wewe kila siku ni kuuliza."

"Kuuliza si ujinga. Wariara anafungua Jumamosi. Anataka kuweka jina yako kwa bango, lakini hawezi bila wewe kusema sawa. Nimekuletea neno. Tawi la Gachanja. Unaonaje?"

Akageuza ubavu mmoja, akageuza wa pili. "Ikiwa ni tawi, basi ni yangu. Mimi ndio nafungua asubuhi, mimi ndio nafunga jioni. Sasa mimi nimefungua tawi lini?"

"Haya. Chipukizi la Gachanja."

"Chipukizi inatoka wapi?"

"Kwa mti."

"Mti gani?"

Nikafikiri, nikaona nimeingia mtegoni mwenyewe.

"Inatoka kwa kisiki," akasema. "Mti ikishakatwa. Nani amenikata?"

"Basi Gachanja Mpya."

"Na hii itakuwa gani? Gachanja Marehemu?"

Nikampa lile la baba yangu, mkono, nikimweleza habari za reli kwa kirefu, kwa sababu neno hilo nalipenda. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mkono ikiwa Gilgil na mwili iko Kikopey, hiyo ni ajali, Akeyo. Ita ambulensi."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka. Na nikiwa bado nacheka nikaelewa kwamba kila neno nililompa alilipima kwa mizani moja tu: je, linasema nimekwisha? Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya bango nikamkuta mzee mwenye hofu, na nikamhurumia kuliko nilivyotarajia.

Wakati huo akaingia mteja mmoja, suti safi, funguo za gari zikizunguka kidoleni. "Bosi, figo iko?"

"Hakuna," Gachanja akasema.

Lakini mimi nilikuwa nimeziona. Zilikuwa pembeni mwa wavu, mahali pake pa siku zote, zinaiva taratibu. Wariara hayupo, sasa zinachomewa nani? Nilitamani kuuliza, na mtu anayenijua atashangaa kusikia kwamba sikuuliza. Kuna maswali ambayo ukiyatoa mdomoni unayaharibu.

Niliporudi Gilgil, Wariara hakuuliza habari za neno kwanza. Aliuliza, "Anakohoa?"

"Kidogo."

"Amevaa ile kofia?"

"Hata jua ikiwaka."

Nikamweleza yote, mpaka ambulensi, akatabasamu. Nilipomwambia kuhusu figo, tabasamu likaondoka. "Labda anapea mbwa," akasema, akaenda kufagia mahali ambapo alikuwa amekwisha kufagia.

Neno la mwisho lilinijia bila kutafutwa. Nilikuwa sokoni nikimtazama mama mmoja akiuza marando, yale matawi ya viazi vitamu ambayo watu wanayakata na kwenda kuyapanda kwao. Nikasimama katikati ya njia, watu wananisukuma na vikapu. Marando! Unayakata, unayapeleka shamba jingine, yanashika. Na lile shamba la kwanza halifi. Tena likikatwa ndipo linazidi kutambaa. Hapa hapakuwa na kisiki wala marehemu. Nilijiona nimeshinda.

Makhanu alikuwa anakwenda Kikopey Ijumaa hiyo kumchorea mtu mwingine kichwa cha mbuzi ukutani. Nikamfundisha maneno kama mtoto wa shule ya Jumapili: mwambie Marando ya Gachanja, mwambie shamba la kwanza halifi, usisahau hapo, halifi.

Alirudi mchana, anapiga mluzi, mkebe wa rangi mkononi.

"Alisema nini?" Wariara akamwuliza kabla hajafika mlangoni.

"Hakusema kitu. Nilimwambia vile Akeyo alisema, akaendelea kugeuza nyama. Nikamwambia tena, nikidhani hajasikia. Akaniambia, 'Nimesikia.' Basi. Nikakaa kidogo, nikaona hakuna jibu, nikamuaga."

Wariara akavua aproni, akaikunja vizuri sana, akaiweka juu ya kaunta. Nilijua maana ya kukunja huko. Alikuwa ameamua kwamba jambo limekwisha.

"Lakini ni mzee mpoa," Makhanu akaendelea, maana mdomo ule hauna breki. "Hata amenipatia ya kubeba. Nilipoaga, alifunga nyama kidogo na gazeti, akaweka juu ya mkebe yangu. Hakutaka hata shilingi. Nilimalizia hapo barabarani nikingoja gari."

"Nyama gani?" nikauliza.

"Figo. Moja tu, lakini tamu! Ati huyo mzee hukataa kuuza figo, kumbe ni story za watu."

Sisi wawili tukamtazama. Alitutazama, akatazama mkebe wake, akafuta mdomo kwa mkono kana kwamba ushahidi ulikuwa bado pale.

"Nini?" akauliza.

Nilimwambia. Sikumwambia kwa upole. Nilimwambia figo hiyo haikuwa ya kubeba, ilikuwa ya kupeleka, kwamba mzee ametoa jibu kwa njia pekee anayoijua na yeye amelitafuna kando ya barabara kama njugu. Makhanu akakaa chini juu ya kreti.

Wariara alikuwa amesimama na mikono yake miwili imeshika ukingo wa kaunta, akilia na kucheka kwa pamoja, sijui lipi lilitangulia. Kisha akachukua funguo za duka.

"Twende. Nyinyi wote. Anangoja kuona kama nitakuja."

Njiani nilikuwa nikipanga uongo. Ilikuwa rahisi: Wariara aseme figo imefika, aseme imekuwa tamu, ashukuru, mambo yaishe. Nilimnong'oneza hivyo tulipokuwa tunashuka garini.

Gachanja alimwona tukiwa bado upande wa pili wa barabara. Hakuacha kazi. Tulivuka, tukapita vile vigingi, tukasimama mbele ya moto, na kwa mara ya kwanza tangu binti yake aondoke, mzee akasema naye.

"Ilifika?"

Nilimfinya kiunoni. Sema ndiyo, mtoto, sema ndiyo.

"Haikufika, Baba," Wariara akasema. "Fundi aliikula."

Kisu kikasimama. Mzee akamtazama Makhanu, ambaye ni mtu mnene na alikuwa anajaribu kujificha nyuma yangu, na mimi si mpana.

"Wewe ni Mluhya?"

"Ndio, mzee."

"Kwenu kuku ikichinjwa, firigisi hula nani?"

"Ni... ni ya baba."

"Basi ulijua."

Makhanu akainamisha kichwa. Nyama ilikuwa inalia juu ya makaa na hakuna aliyeigeuza. Kisha Gachanja akauliza, sauti ileile, "Ilikuwa imeiva?"

"Sana, mzee."

"Chumvi?"

Mtu mwenye akili angesema ilikuwa sawa. Makhanu akafikiri, akasema ukweli. "Ilizidi kidogo."

Wariara akacheka. Kilimtoka tu, kicheko kikubwa. "Baba! Siku hizi hata chumvi inakushinda?"

"Sasa nani ananionjea?" mzee akasema.

Alisema hivyo bila kumtazama. Mimi niligeuka nikatazama magari, maana machozi yalikuwa yananijia na sipendi kulia mbele ya Makhanu. Niliposikia mlio wa bati nikageuka tena. Pembeni mwa wavu kulikuwa na bakuli la bati limefunikwa kifudifudi. Gachanja alikuwa amelifunua.

"Mbuzi haina figo moja," akasema. "Moja nilituma. Hii nilisema, akitaka atakuja."

Akaikata vipande juu ya ubao, akamsukumia binti yake. Wariara akala amesimama, polepole, kama alivyokuwa akila akiwa mdogo. Mzee akangoja. Mwishowe akauliza, "Chumvi?"

"Punguza," Wariara akasema.

Mzee akachukua konzi ya chumvi aliyokuwa ameandaa kwa ajili ya mbavu, akairudisha nusu kwenye kopo.

Mimi nikashindwa kuvumilia. Neno lilikuwa bado linaniwasha, na kesho ilikuwa Jumamosi. "Sasa mzee, kwa bango tuandike..."

"Akeyo," akasema, "wacha mtoto ale."

Jumamosi tulifungua bila neno. Ukanda ulikuwa mweupe vilevile, na Makhanu alikuwa amekaa chini ya bango na brashi yake, akingoja, kwa sababu alijiona ana deni na hakutaka kwenda nyumbani. Watu walikuja. Wengine walikuja kwa ajili ya nyama, wengine kwa ajili ya kutazama kama ni kweli. Katekista alikuja, yule askari wa daivasheni alikuja. Wariara alichinja mbuzi wa kwanza mapema, na kabla hata ya kuweka nyama ya mteja yeyote kwenye moto, nilimwona akiweka figo mbili pembeni. Mteja mmoja akaziulizia. "Hakuna," Wariara akasema.

Gachanja alikuja jua likiwa juu, kofia ya sufi kichwani. Hakusalimia watu. Alizunguka jengo, akagonga mabati, akatazama jiko, akaingiza mkono chini ya wavu kupima makaa. Kisha akasimama mbele ya bango akasoma jina la binti yake, midomo ikitembea. Makhanu akainuka haraka. Mzee akapita.

Akaenda kukaa nyuma ya kaunta. Kitu cha kukalia kilikuwa kimoja tu, kreti la soda, na akakaa hapo, magoti juu, mzee mzima. Wariara alikuwa akimtazama kwa upande. Akachukua figo moja, akaikata, akamwekea ubao mapajani.

"Chumvi?" akamwuliza.

Gachanja akatafuna. Alitafuna muda mrefu, na nilimwona akielewa alipokuwa amekaa na alichokuwa akila. Nilidhani atainuka. Hakuinuka.

"Iko sawa," akasema.

Ndipo dereva mmoja wa lori, mtu wa kupitapita, mteja wa zamani wa Kikopey, akaingiza kichwa dirishani na kumwona mzee. Akafurahi. "Aa, Mzee Gachanja! Kumbe hii ni branchi yako?"

Nilimwona Makhanu akichovya brashi kwenye rangi.

"Hapana," Gachanja akasema, akiokota kipande cha pili. "Ile ya Kikopey ndio branchi. Hii ndio yetu."

Wariara aligeukia moto haraka, akaanza kugeuza mbavu ambazo hazikuhitaji kugeuzwa. Makhanu akanitazama, brashi inadondosha nyekundu kwenye kiatu chake, ananiuliza kwa macho aandike nini.

Nilimwambia apake ukanda ule rangi nyeupe mara ya pili, auache hivyo.